Mnyoya wa Mlima Chiliad: nani mwingine alikesha kumsubiri kwenye kibanda cha gemu?

Mpita_Mpakani (mleta uzi)

Wadau, hamjambo. Mama amehama nyumba wiki iliyopita hapa Busia, nikaitwa kubeba masanduku. Ndani ya sanduku la vyombo nikakuta daftari langu la hesabu la P6, darasa la sita. Mbele kuna hesabu za kugawanya, nyekundu tupu za mwalimu. Nyuma ndiko kuliko na elimu yenyewe: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kushoto, chini, kulia, juu. Aliyepitia PS2, ile mashine ya gemu, haelezwi hapo. Ni chiti, vitufe vya siri vya GTA San Andreas: afya, fulana ya risasi na dola 250,000 mfukoni mwa CJ, mhusika unayemchezesha.

Chini ya chiti hizo nimeandika kichwa kwa penseli na kukipigia mstari mara mbili: MASHARTI YA KUMWONA MNYOYA.

Nilikaa juu ya godoro nikasoma, na mwili ukasisimka. Mtu mzima mimi, na kitambi juu.

Kwa wadogo zetu ambao hawakuwepo: GTA San Andreas ilitoka Oktoba 2004. Kwetu mpakani ilifika baadaye kidogo, kwenye diski za kunakiliwa zenye maandishi ya kalamu ya wino mzito. Ramani yake ilikuwa na miji mitatu, jangwa, na upande wa magharibi kusini msitu mkubwa na mlima, Mlima Chiliad. Huko msituni hakuna misheni nyingi, hakuna watu, kuna miti na ukungu tu. Basi ikavuma dunia nzima kwamba humo kuna jitu la manyoya, Bigfoot. Sisi tulimwita Mnyoya.

Kibanda chetu kilikuwa cha mabati, hatua chache kutoka njia ya malori. TV mbili za kichogo, benchi moja, jenereta nje. Dakika ishirini shilingi 500, ile sarafu yenye korongo. Wenzetu waliovuka kutoka upande wa pili walilipa kwa ishirini ya Kenya na hakuna aliyebishana. Memori kadi ya kuhifadhi gemu ulipofikia ilikuwa moja tu, na mlinzi wa kibanda aliivaa shingoni kwa kamba ya kiatu kama hirizi. Pasipo kadi ile humfikii Mnyoya, kwa sababu ukianza gemu upya sehemu hizo zimefungwa, ukivuka tu unapigwa nyota nne na polisi wote wa Los Santos wako mgongoni.

Masharti kama nilivyoyaandika nikiwa na miaka kumi na miwili: uende usiku. Usibebe bunduki wala kisu. Gari uliache barabarani. Usimame katikati ya miti pale Back o' Beyond na usiguse kitufe chochote. Ukeshe usiku tatu mfululizo. Na benchi zima linyamaze, kwani mtu akipiga kelele, Mnyoya anarudi ardhini na hatoki tena.

Likizo ya Desemba 2008, kijana mmoja mkubwa wa sekondari akasema leo leo. Akalipa. Tulikuwa watoto kama kumi na tano kwenye benchi la watu sita, mvua inapiga mabati. Usiku wa kwanza kimya. Wa pili kimya, mtu alikohoa akafinywa. Wa tatu, ukungu ukashuka mpaka miti ikabaki vivuli. Yule kijana akashindwa kuvumilia, akamsogeza CJ hatua chache kupanda mteremko. Na kule juu kitu kikaanza kushuka.

Kilikuwa gari. Bovu, limebondeka, taa hazikuwaka, na ndani hakuna mtu. Linashuka taratibu kati ya miti, linamjia CJ.

Mtoto mmoja alipiga ukunga. Papo hapo TV ikazimika na jenereta likanyamaza. Msiniulize tulitokaje mlangoni kumi na tano kwa mpigo. Mimi nilifika nyumbani na kandambili moja. Ile nyingine sikurudi kuichukua mpaka leo.

Sasa naulizia mambo mawili. Nani mwingine aliliona lile gari? Na masharti haya yalitoka wapi? Nimesoma habari za Bigfoot wa San Andreas za Wamarekani usiku kucha na sijaona popote wanaposema usiku tatu wala kunyamaza.

Chapati_Mbili

Ssebo umenirudisha mbali. Sisi Nakulabye, Kampala, tulikuwa na mtu wa msumeno pale msitu wa Panopticon, na mama yake CJ aliyekuwa analia jikoni nyumbani pale Grove Street. Nilikuwa nazima sauti ya TV nikiingia nyumba ile. Gari sikuliona, lakini niliona makaburi jangwani, miili imefungwa kwenye mifuko. Hayo yapo kweli, si uzushi.

FundiLenzi

Mkuu gari lako lipo na halina jini. Nimetengeneza PS2 pale Kampala tangu zikiwa mali mpaka zikawa takataka, ngoja nikufafanulie.

Waliotengeneza gemu waliweka magari mabovu kadhaa msituni, aina ya Glendale iliyobondeka, kama mapambo. Waliyaweka kwenye mteremko. Gemu haihesabu kila kitu cha ramani nzima kwa wakati mmoja, inahesabu kilicho karibu na wewe. Ukiwa mbali, gari halipo kabisa. Ukikaribia linaletwa, linawekwa pale juu, na kwa kuwa halijafungwa breki ya mkono, linateremka lenyewe. Kwa hiyo kijana wenu alipopanda hatua chache ndipo alipolizaa. Angebaki amesimama kama masharti yalivyosema, asingeliona mpaka leo.

Na ukungu nao una kazi. PS2 ina kumbukumbu ya megabaiti 32. Thelathini na mbili! Picha moja ya simu yako inaweza kupita hapo mara kadhaa ukiifungua. Ndani ya hizo walitaka kuweka nchi nzima. Ujanja wao ni kuificha: unachoona ni kipande kidogo, na mbali wanapaka ukungu usijue kwamba kule mbele hakuna kitu. Ilipotoka ile San Andreas ya kupambwa upya Novemba 2021, waliuondoa ukungu kwa sababu mashine za sasa zina nguvu. Mtu akapanda Chiliad akauona mji wote hapo chini, mlima ukawa kichuguu. Watu walilalamika mpaka ukungu ukarudishwa kwenye masahihisho.

Halafu mashine za vibanda vyetu. Vumbi la barabara limejaa kwenye lenzi, diski ni nakala ya nakala, imekwaruzwa na vidole vya chapati. Gemu hii inasoma diski muda wote unapotembea. Lenzi ikichoka, data inachelewa: miti inatokea nusu, nyumba inakuja baada ya wewe kupita, barabara inakosekana na CJ anazama chini ya dunia kwenye bluu tupu. Nimeletewa mashine na mwenye kibanda akiniambia ina shetani, nikapangusa lenzi kwa pamba na spiriti, shetani akatoka. Elfu tano.

Sauti_ya_Jangwani

Mnacheza na mapepo halafu mnacheka. Hata lile jina lenyewe mnalolitaja ni mwaliko.

Chapati_Mbili

@Sauti_ya_Jangwani amina. Ila fundi kasema pamba na spiriti zinatosha.

KizaziChaSimu

Wazee shikamooni. Mimi PS2 niliiona kabatini kwa mjomba. Kwetu ni Minecraft kwenye simu, na jini letu ni Herobrine. Anafanana kabisa na mhusika wa kawaida ila macho meupe, hana mboni. Unajenga nyumba yako vizuri, siku moja unakuta miti haina majani, handaki limechimbwa ambalo hukulichimba wewe, piramidi katikati ya bahari.

Mlivyosema ukungu nimeshtuka, kwa sababu hadithi yake ya kwanza ya 2010 ni hiyo hiyo: mtu yuko peke yake kwenye dunia yake, anaona mtu amesimama ukunguni pembezoni pa upeo. Wakasema ni kaka marehemu wa Notch aliyeitengeneza gemu. Notch akakana, hana kaka aliyekufa. Halafu kampuni yenyewe ikaanza utani: kila wakitoa toleo jipya, kwenye orodha ya masahihisho wanaandika kwamba Herobrine ameondolewa. Wameanza 2011. Sasa mtoto wa miaka tisa akisoma kwamba ameondolewa, anaelewa nini? Kwamba alikuwepo! Na mbona wanamwondoa kila mara, si ina maana anarudi?

Januari 2021 watu waliounganisha kompyuta zao wakajipa kazi ya kuutafuta ulimwengu ule ule wa picha ya kwanza, wakaupata. Sasa unaweza kwenda kusimama pale pale. Mimi nilienda, usiku, shuka kichwani. Pana mti mmoja na mchanga.

Mpita_Mpakani

@KizaziChaSimu marahaba. Na kule ulikoenda, ulisimama muda gani?

KizaziChaSimu

Mpaka chaji ilipoisha hahaha.

Dada_wa_Arua

Naona mnaongea kama kwamba vibanda vilikuwa vya kila mtu. Sisi wasichana tulikuwa hatuingii. Arua kwetu kibanda kilikuwa nyuma ya kinyozi, na bati lake lilikuwa na tundu la msumari. Mimi San Andreas yote nimeitazama kwa jicho moja. Kaka yangu ndani, mimi nje na jerikeni la maji limesimama, nikisikia nyumbani naitwa.

Na nawaambia, kwa tundu lile Mnyoya nilimwona. Msinicheke. Nilimwona kwa sababu tundu lilikuwa dogo na TV ilikuwa mbali, na kila kilichopita kati ya miti kilikuwa yeye. Kaka aliyekuwa ndani mbele ya kioo hakuona kitu. Tulibishana miaka.

Nilipopata kazi, nilijinunulia mashine yangu na GTA V, nikaicheza hadi asilimia mia moja, sababu nilisikia ukimaliza yote ndipo misheni ya kumwinda Bigfoot inafunguka. Ni kweli inafunguka. Franklin, mhusika unayemchezesha, anafuata damu msituni, anamkimbiza, na mwishoni jitu linasema. Ni mwanaume aliyevaa vazi la manyoya. Nilikaa na pedi ya kuchezea gemu mkononi kama mtu aliyepigiwa simu na mkopeshaji. Niliyemwona kwenye tundu la msumari hakuwa na zipu.

BomboKwetu

Dada pole, na hongera kwa asilimia mia.

Rockstar, kampuni iliyotengeneza gemu, waliulizwa kuhusu Bigfoot wa San Andreas wakati ule ule wakakana. Toleo la kompyuta lilipotoka 2005, vijana wakafungua mafaili ya gemu moja moja, hakuna umbo la jitu lolote. Video nyingi mnazoziona zimepikwa na watu waliomwingiza wenyewe. Baadaye kampuni ikaona uvumi ni mali. 2010, kwenye gemu yao ya wachunga ng'ombe na mizuka, wakaweka majitu ya msituni kabisa, na la mwisho unalikuta limekaa chini ya mti linalia kwamba ndugu zake wote wameuawa, kumbe wao wanakula matunda tu. Kisha ndiyo 2013 huyo wa vazi.

Lakini mimi nataka kumjibu mleta uzi swali la pili, maana limepitwa. Bombo hapa tuliita msezi, si Mnyoya. Wazungu wanasema Bigfoot anaishi mbali na watu, anawakimbia. Msezi ni jirani yako, mchana mnasalimiana, usiku anacheza makaburini. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunamtafuta Angel Pine kwenye matrela, katikati ya watu, na kila kikongwe wa gemu aliyepita usiku tulimshuku. Hadithi ikivuka mpaka inavalishwa nguo za wenyeji.

Sasa masharti yako. Usiku, mikono mitupu, ukae bila kutikisika, hayo ni ya kawaida ya kila mzimu. Lakini hili la kunyamaza, na kwamba mtu akipiga kelele jitu linarudi ardhini halitoki tena, hilo nalijua. Hilo si la Marekani. Hilo ni la Ttanda.

Asiyejua: Waganda wanasimulia kwamba Kintu alipomwoa Nambi binti wa Ggulu, waliambiwa waondoke haraka wasirudi nyuma, wasije kufuatwa na Walumbe kaka yake Nambi, ambaye ndiye kifo. Nambi akarudi kuchukua ulezi wa kuku wake, Walumbe akamfuata. Watoto wa Kintu wakaanza kufa. Ggulu akamtuma kaka mwingine, Kayikuzi, aje amkamate. Kayikuzi akaagiza watu wote wajifungie ndani wala mtu asitoe sauti akimwona Walumbe akitoka. Kule Ttanda watoto wakamwona, wakapiga kelele, na Walumbe akazama tena chini. Mashimo yenyewe mpaka leo watu wanakwenda kuyaona, upande wa Mityana.

Soma masharti yako tena polepole.

Mpita_Mpakani

Nimesoma. Nimeamka nikafunga dirisha.

Kwa hiyo aliyeyatunga ni mtu aliyesimuliwa hadithi hiyo na bibi yake. Sisi pale Busia wengi ni Wasamia na Wateso, watoto wa benchi lile hatukuijua. Mlinzi wa kibanda alikuwa ametoka Buganda. Tulimwita Kojja, yaani mjomba kwa Kiganda, na hatukuwahi kumuuliza jina.

Halafu kuna jambo nimelipigia hesabu leo kwenye daftari lile lile, chini ya kalamu nyekundu za mwalimu. Ndani ya San Andreas dakika moja ya gemu ni sekunde moja ya kwetu. Siku nzima ni dakika 24. Chukua usiku kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na mbili alfajiri, ni dakika kumi. Ukikesha usiku tatu mfululizo, toka jua lizame siku ya kwanza mpaka alfajiri ya mwisho, ni 24 na 24 na 10. Dakika 58.

Kojja alikuwa anauza dakika ishirini.

Chapati_Mbili

Subiri. Subiri kwanza. Mara tatu ni sitini.

Mpita_Mpakani

Sitini kamili. Dakika mbili za kushuka kwenye trela la Angel Pine na kuendesha mpaka msituni. Na ukichelewa njiani unaongeza mia tano nyingine. Ungejaribu kuruka usiku kwa kuhifadhi gemu, saa zinasogea sita, unakuwa umelala, hujakesha. Sharti limevunjika, anza upya.

Mtu huyu alikuwa na akili kuliko mwalimu wangu wa hesabu.

FundiLenzi

Hahahaha nimemwaga chai. Mimi nilikuwa nawaona wenye vibanda wanahangaika kununua diski mpya kila mwezi kuvuta wateja. Kumbe mwingine anauza usiku.

Mlinda_Pedi

Habari zenu wote. Nimekuwa msomaji humu muda mrefu, sijawahi kuandika. Nimetumiwa uzi huu na mpwa wangu, akasema Kojja soma, huyu si wewe?

Ni mimi.

Nianze na hesabu. Mwanangu umepata alama zote, ila umenikosea nia. Sikuanza kwa ajili ya dakika. Nilianza kwa ajili ya pedi.

Kibanda hakikuwa changu. Mwenyewe alikuwa Kampala, anakuja mwisho wa mwezi kuchukua hesabu, na pedi ikifa inakatwa kwangu. Nyinyi watoto mlikuwa mnabonyeza X kama mnaponda karanga. Mpira ndio ulikuwa mbaya zaidi, mtoto akikosa goli anaing'ata pedi. Nilikuwa nafungua pedi kila Jumatatu, naweka vipande vya karatasi ya sigara chini ya mpira wa vitufe vilivyolegea. Sasa yule muuza diski aliyekuwa anatoka Nairobi akaniambia, kwenye hii gemu kuna jitu porini. Nikamuuliza linatokaje? Akasema hajui, watu wanazunguka tu msituni wanalitafuta. Nikawaza: mtu anayezunguka anabonyeza. Mtu anayesubiri habonyezi.

Ndipo nikasema, usiguse kitufe chochote.

Mengine yalifuatana. Bila bunduki, kwa sababu mwenye bunduki atapiga risasi, na R1 ndiyo ilikuwa ya kwanza kufa. Bila gari, kwa sababu X ndiyo ya kukanyagia mafuta. Usiku tatu nilipiga hesabu baadaye, nikitazama ile saa ndogo ya kwenye kona ya kioo siku moja mvua inanyesha hakuna mteja. Niliona nikisema usiku mmoja ni kidogo, saba watakata tamaa. Tatu mtu anaweza kuomba pesa kwa shangazi.

Kunyamaza, ndugu wa Bombo, umenishika. Ni la bibi yangu. Lakini hata hilo nilikuwa na sababu. Jirani wa ukutani alikuwa na duka la dawa na alikuwa anapeleka mashtaka kwa mwenyekiti wa LC, baraza la mtaa, kila wiki kwamba kibanda kina kelele. Tangu masharti yale, watoto kumi na tano kwenye benchi na unasikia mvua. Mwenyekiti alikuja siku moja kuangalia kama nimefunga biashara. Akakuta mmejipanga kama kanisani mnatazama miti. Akakaa. Alikaa mpaka mwisho wa usiku wa pili, akaondoka kwa kunyata.

Lile gari silo kazi yangu. Nililiona siku hiyo kama nyinyi. Asante fundi, nimejua leo.

Mpita_Mpakani

Kojja. Mikono inatetemeka. Na jenereta?

Mlinda_Pedi

Dakika sitini zilikuwa zimeisha. Niliingiwa na woga lakini saa niliitazama. Nikalizima.

Dada_wa_Arua

Kojja hukuwahi kulisubiri mwenyewe? Usiku, ukishafunga?

Mlinda_Pedi

Mara moja. Baada ya siku ile. Mimi niliyetunga. Nilifunga mlango, nikampeleka CJ pale pale, nikaweka pedi chini kabisa, kwenye sakafu, nisishawishike. Jenereta lilikuwa na mafuta ya dakika arobaini hivi, kwa hiyo usiku wa tatu sikuufikia. Lakini nilinyamaza wakati wote, peke yangu, bila mtu wa kumsumbua.

KizaziChaSimu

Mimi nimeshapakua San Andreas kwenye simu sasa hivi. Naenda Back o' Beyond. Usiku tatu. Mtu asiniandikie.

FundiLenzi

@KizaziChaSimu weka simu kwenye chaji safari hii.

Mpita_Mpakani

Kojja, la mwisho nisikuchoshe. Unajuaje kwamba ni mimi hasa, si mtoto mwingine wa benchi? Tulikuwa wengi.

Mlinda_Pedi

Kandambili. Ya kushoto, bluu, kamba imeshonwa kwa waya wa betri. Ilibaki mlangoni. Nilingoja uje uichukue, hukuja, mkawa hamji wiki nzima nyote, nikapata hasara yangu hapo. Basi nikaikunja nikaikita chini ya mlango usibamizwe na upepo. Ilikaa hapo mpaka kibanda kilipovunjwa kupisha barabara.

Mpita_Mpakani

Ilikuwa ya dada yangu. Nilichapwa.